Tunataka kushindana na watu: maswali yenu kuhusu mbio za magari mtandaoni

Ombi moja linajirudia katika barua za wapenzi wa simyuleta za magari: mmechoka kukimbizana na magari yanayoendeshwa na kompyuta, mnataka kushindana na watu. Tunawaunga mkono kabisa. Ila "tuwekeeni mtandaoni" ni ombi pana mno, na wengi walioomba hivyo wamepewa kitu kisichowafaa watu wa huku kwetu. Majibu ya leo yanahusu hilo.

Ndugu mhariri, naipenda sana BeamNG.drive, lakini nikitaka kucheza na mdogo wangu aliyeko Arusha sioni sehemu ya wachezaji wengi. Kwa nini watengenezaji wasiiweke tu? Ni uvivu?
*Msomaji, Dodoma*

Si uvivu. Katika gemu nyingi za mbio, gari ni kipande kimoja kigumu. Ili mwenzako alione gari lako, inatosha kumtumia namba chache: lilipo, limeelekea wapi, lina mwendo gani, usukani umekatwa kiasi gani. Gari la BeamNG ni wavu wa vifundo mia kadhaa vilivyoshikwa na maelfu ya viungo, na hesabu ya wavu huo hupigwa mara 2,000 kila sekunde. Ndiyo maana bodi inabonyea na kukunjika kama bati la kweli.

Sasa piga hesabu. Chukulia gari lina vifundo 500. Kila kifundo kinahitaji namba tatu za mahali kilipo, yaani baiti 12. Hiyo ni baiti 6,000 kwa gari moja, na ukizituma mara 20 kwa sekunde unakaribia megabiti moja kwa sekunde. Mkiwa wanane, kila mmoja anapokea karibu megabiti 7, bila kusita hata kidogo. Na hata intaneti ikiweza, bado taarifa inafika imechelewa, kwa hiyo kompyuta yako na ya mdogo wako zitapiga hesabu ya mgongano uleule na kupata majibu mawili tofauti.

Wachezaji hawakungoja. Waliunda BeamMP, programu ya pembeni inayopunguza mzigo: inatuma mahali gari lilipo, mwendo wake na jinsi dereva anavyoliendesha, halafu kila kompyuta inabonyeza bodi kivyake. Usishangae basi ukimwona mdogo wako na bampa iliyong'oka, naye akakuapia kwamba kwake bado ipo.

Ili mfungue seva yenu, yaani programu inayowaunganisha wachezaji, kila mmoja awe na BeamNG halali. Pakueni programu ya seva ya BeamMP, kisha mmoja wenu ajisajili kwenye Keymaster, ukurasa wa BeamMP wa kutolea funguo za seva, na kuchukua ufunguo. Ufunguo huo unabandikwa kwenye faili la ServerConfig.toml, mahali palipoandikwa AuthKey. Poti, yaani mlango ambao taarifa za mtandao hupitia, ni 30814, na ifunguliwe kwenye rauta kwa TCP na UDP, aina mbili za kutuma taarifa, zote mbili. Wengi hufungua moja tu, mtu anaingia lakini haoni gari linalosogea. MaxCars iacheni 1, yaani gari moja kwa kila mchezaji.

Kikwazo kikubwa kuliko intaneti ni prosesa. Kila gari linaloonekana kwako linapigiwa hesabu na kompyuta yako mwenyewe, na kila gari linashika uzi wake wa prosesa. Ukiwa na prosesa ya kori nne, anzeni na magari manne. Mkiongeza la tano na picha zikaanza kukatika, msiilaumu rauta. Jambo la mwisho: BeamNG ikitoa toleo jipya, BeamMP hukaa muda bila kufanya kazi mpaka nayo isahihishwe. Ukiona toleo jipya siku ya mashindano, usilipakue.

Hamjambo? Tuko vijana wanane, wengine Mombasa, wengine Malindi, na sote tuna Assetto Corsa ya kompyuta. Tukiingia seva za Ulaya magari yanarukaruka. Tunaweza kuwa na seva yetu, na itagharimu nini?
*Msomaji, Mombasa*

Mnaweza, na programu mnayo tayari. Kunos Simulazioni ya Italia ilipotoa Assetto Corsa kamili mwezi Desemba 2014, iliweka seva ndani ya gemu. Fungueni folda ya gemu ndani ya Steam, mtaona folda iitwayo server, na ndani yake acServer. Seva hii haipigi hesabu za matairi wala injini. Hizo hufanywa na kompyuta ya kila dereva. Kazi yake ni kupokea taarifa na kuzigawa. Kompyuta kuukuu iliyowekwa kando kwa sababu haiwezi tena gemu inatosha.

Kazi iko kwenye mafaili mawili ndani ya folda ya cfg. La kwanza ni server_cfg.ini. Kwa kuanzia chagueni gari na njia zinazokuja na gemu yenyewe: CARS=abarth500, TRACK=magione. MAX_CLIENTS iwe 8. Wekeni PASSWORD ili wageni wasiingie, na ADMIN_PASSWORD tofauti kwa msimamizi. PICKUP_MODE_ENABLED iwe 1, yaani anayeingia anachukua gari lolote lililo wazi. Ikiwa 0 mtalazimika kujiandikisha kabla, na anayechelewa anabaki nje. ABS_ALLOWED iwe 1, maana yake msaada wa breki unapatikana kwenye gari lililotoka nao kiwandani tu. CLIENT_SEND_INTERVAL_HZ iacheni 18.

Faili la pili ni entry_list.ini. Humo andikeni magari manane, kuanzia [CAR_0] mpaka [CAR_7], kila moja na MODEL yake na SKIN yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama: MAX_CLIENTS ni 8 lakini orodha ina magari sita, basi wawili wanaambiwa seva imejaa. Kosa jingine ni kuweka magari mengi kuliko nafasi za pit, maegesho ya magari kando ya njia ya mbio. Idadi ya nafasi hizo imeandikwa kwenye faili la ui_track.json la njia husika, mbele ya neno pitboxes.

Poti ni 9600 kwa TCP na UDP, na 8081 kwa HTTP. Iruhusuni acServer kwenye ukuta wa usalama wa Windows. Kujua kama seva iko hewani, mwenzenu aliye nje ya nyumba afungue kivinjari na kuandika anwani yenu, nukta mbili, 8081/INFO. Akiona maandishi yenye jina la seva na majina ya magari, njia iko wazi. Ukurasa ukikaa mweupe mpaka ukachoka, njia imefungwa.

Na kwetu mara nyingi itakuwa imefungwa, kwa sababu ambayo rauta yenu haina uwezo nayo. Fungueni ukurasa wa rauta, tazameni anwani ya IP upande wa WAN, yaani upande wa nje unaoelekea kwa mtoa huduma. Kisha tafuteni kwenye intaneti anwani yenu inavyoonekana nje. Zikilingana, ni kufungua poti tu. Zisipolingana, au ile ya WAN ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata mkifungua poti zote hakuna atakayewapata. Intaneti za laini ya simu karibu zote ziko hivyo.

Njia ya kutoka isiyo na gharama ni ZeroTier, programu inayoziunganisha kompyuta zilizo mbali kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Mmoja anafungua akaunti na kuunda mtandao, anapata namba ya tarakimu na herufi 16, anawapa wenzake. Kila mmoja anaisakinisha na kuingiza namba ile, halafu mwenye akaunti anaweka alama ya kumruhusu. Hatua hii ya kuruhusu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Baada ya hapo mnatumia anwani ya ZeroTier ya mwenye seva kana kwamba mko nyumba moja. REGISTER_TO_LOBBY iwe 0, yaani seva isitangazwe kwenye orodha ya wote, kisha ongezeni seva kwa anwani yake kwenye Content Manager, programu ya pembeni ya kuanzishia Assetto Corsa. Mwenye seva akicheza kwenye kompyuta ileile aingie kwa 127.0.0.1, kwani rauta nyingi hazikubali mtu atoke nje na kurudi ndani kupitia mlango uleule.

Mkija kuongeza magari ya modi, yaani yaliyotengenezwa na mashabiki, hakikisheni wote mna toleo lilelile. Seva hulinganisha faili la data la gari, na likitofautiana hata kidogo mtu anatolewa na kuambiwa checksum haikulingana. Dawa yake ni mmoja kukusanya mafaili yote na kuwagawia wengine. Msiache kila mtu apakue kwake.

Nimempita mtu kwa nafasi nzuri kabisa, gari kwa gari, sikumgusa. Yeye anasema nimemgonga, na video yake inaonyesha hivyo. Nani mkweli?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Wote wawili, na hili ndilo jambo ambalo kila anayetaka mbio za mtandaoni lazima alielewe.

Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, gari linakwenda mita 50 kila sekunde. Taarifa ya mwenzako ikichelewa milisekunde 150, imefika akiwa ameshasogea mita 7.5. Abarth 500 ina urefu usiofika mita 3.7, kwa hiyo hizo ni Abarth mbili zikifuatana. Kama gemu ingekuonyesha taarifa kama ilivyofika, usingeweza kabisa kumkaribia mtu. Kwa hiyo kompyuta yako inabashiri. Inachukua mahali alipokuwa na mwendo aliokuwa nao, kisha inalisukuma gari mbele mpaka pale inapodhani yupo sasa.

Kwenye nyoofu ubashiri unapatia. Shida inaanza anapokanyaga breki au kukata kona, kwa sababu kompyuta yako haijajua bado. Akifunga breki kwa nguvu, mwendo unapungua kama mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Ucheleweshaji wa milisekunde 150 unaleta kosa la sentimita 11 hivi. Kwa aliye nyuma si kitu. Kwa mliobanana mlango kwa mlango kwenye kona, sentimita 11 ndiyo tofauti ya kupita na kugusana, na kila mmoja ameona yake.

Sasa angalia taarifa ikipotea njiani na pengo likafika nusu sekunde: kosa linaruka hadi mita 1.25. Kosa linakua kwa mraba wa muda. Ndiyo sababu pingi (muda wa taarifa kwenda na kurudi, kwa milisekunde) ya 150 iliyotulia ni bora kuliko pingi ya 60 inayopanda hadi 400 kila dakika. Kabla ya mbio fungua dirisha la amri la Windows, andika ping -n 100 na anwani ya seva, kisha tazama mwisho: pakiti ngapi zimepotea, na kubwa na ndogo zimeachana kiasi gani. Hata mbili zikipotea katika mia moja utawarukia wenzako. Chanzo mara nyingi kimo humohumo nyumbani, waifai inayopita kuta mbili na simu tano zikiitumia. Waya wa mtandao wa Cat5e unafika mita 100, nao unamaliza tatizo lote la ndani ya nyumba.

Barabarani, mwachie mwenzako nafasi ya mita moja pembeni pale ambapo ana kwa ana ungeacha nusu. iRacing, yenye mbio za mtandaoni tangu 2008, haiulizi mwenye kosa: mgongano mzito na gari jingine unawapa wote pointi 4 za makosa. Wengi wanalilalamikia hilo, lakini limewafundisha watu kuachiana njia, na kwa maoni yetu ni uamuzi mzuri.

Saa moja ya mbio inakula bando kiasi gani?
*Msomaji, Morogoro*

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tuchukulie Assetto Corsa kwa kasi yake ya kutuma mara 18 kwa sekunde, na pakiti moja iwe baiti 90. Mkiwa wanane ni kama MB 47 kwa saa. Mkiwa 20 ni kama MB 117. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu yenyewe, modi, na matoleo mapya yanayojipakua bila kukuuliza. Zima hayo ya mwisho kwenye Steam.

Mwenye seva hali yake ni nyingine. Yeye anamtumia kila mtu taarifa za watu wote. Kwa magari 8 anahitaji karibu megabiti 0.7 za kupandisha, lakini kwa magari 20 ni karibu megabiti 5. Kasi ya kupandisha ndiyo ya kuulizia, kwa sababu matangazo ya intaneti husifia ya kushusha peke yake.

Niko Eldoret, natumia intaneti ya simu. Pingi yangu kwa seva za Ulaya haishuki chini ya 200. Je, niachane na mbio za mtandaoni?
*Msomaji, Eldoret*

Usiache, badilisha aina ya mbio. Mwanga ndani ya kebo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 inagharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka pwani yetu hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na kebo hazinyooki: zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu. Ongeza mnara wa simu, na 200 yako imepatikana. Hakuna kifurushi kitakachoifuta.

Rali haijali hayo. Kila dereva yuko peke yake na saa, na kinachotumwa ni muda. Richard Burns Rally ya mwaka 2004 ilitoka bila mbio za mtandaoni, lakini mashabiki waliijengea wenyewe, na hadi leo kundi la RallySimFans linaigawa bure pamoja na mashindano yake. Ukitaka kitu kipya, EA Sports WRC ya mwaka 2023 ina Safari Rally ya Kenya, vumbi la Naivasha na yote, na katika mbio zake za pamoja magari ya wenzako unayaona kama vivuli usivyoweza kuvigonga. Kwa pingi ya 200 hiyo ni mbio ya haki kabisa.

Kompyuta yangu ni ya zamani, haina kadi ya picha. Ipo simyuleta ya kweli ninayoweza kuchezea mtandaoni?
*Msomaji, Kigoma*

Live for Speed. Toleo lake la bure lina magari matatu na njia ya Blackwood, na linaruhusu kuingia mtandaoni bila kulipa. Picha zake ni za kizamani, lakini matairi yake yanafundisha. Anza na XFG, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Kuna gemu ya mbio tunayoipenda, haina mtandao kabisa. Tunakusanya saini tuwaandikie watengenezaji. Tuandike nini ili watusikilize? Na tunajuaje kwamba hawataifunga baadaye?
*Msomaji, Zanzibar*

Swali la pili ndilo linalojibu la kwanza. The Crew ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014 na seva zake zikazimwa 31 Machi 2024. Gemu ilikuwa haiwashi bila seva hizo, kwa hiyo hata aliyetaka kuendesha peke yake alinyimwa. Hasira zilizofuata zilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja mwezi Julai 2025. Ubisoft yenyewe ilikuwa imeshatangaza mwaka 2024 kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapewa njia ya kuchezwa bila intaneti. Watu wakidai kitu kinachoeleweka, wanasikilizwa.

Kwa hiyo msiandike "tunataka mtandaoni". Andikeni kwamba mnataka programu ya seva ambayo mchezaji anaweza kuiendesha mwenyewe, kwenye Windows na Linux, na kuingia kwa kuandika anwani ya IP. Kwa mtengenezaji mdogo hiyo ni nafuu kuliko kulipia seva duniani kote, na kwenu ina maana seva inakaa Unguja au Dar, si Frankfurt. Siku kampuni ikifunga ofisi, yenu inaendelea. Ombeni pia mbio za mtandao wa ndani. Gran Turismo 4 ilitoka Japani mwisho wa 2004 ikiwa imeondolewa sehemu ya mtandaoni iliyokuwa imeahidiwa, lakini ilikubali PlayStation 2 sita ziunganishwe kwa waya chumba kimoja, na hilo linafanya kazi mpaka leo. Gran Turismo Sport ya 2017 ilijengwa juu ya seva za kampuni, na huduma zake za mtandaoni zilifungwa 31 Januari 2024.

Tajeni idadi ya magari. Wanane ni ombi linalowezekana. 40 ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu kila mtu lazima atumiwe habari za kila mtu. Semeni kama mko tayari kuanza bila migongano, magari yakipitana kama vivuli, maana kazi ngumu kuliko zote ni kukubaliana nani kamgonga nani. Ombeni pingi ya kila dereva ionekane kwenye orodha, na msimamizi aweze kuweka kikomo cha kumtoa anayerukaruka.

Na waambieni mtakavyoijaza. Hofu ya mtengenezaji ni vyumba vitupu: watu 300 waliopo hewani wakigawanyika kwenye seva 60 wanapata watano watano, na kila anayeingia anaona gemu imekufa. Waandikieni kwamba mko wangapi, mnakutana siku gani ya juma na saa ngapi, kwa saa za Afrika Mashariki na saa zao, na nani kati yenu atajitolea kompyuta ya kuijaribu seva kabla haijatoka. Barua ya ukurasa mmoja yenye majina ya watu 15 walio tayari kufanya majaribio Ijumaa saa tatu usiku inampa mtengenezaji kitu cha kuanzia kazi kuliko saini 5,000 zisizosema lolote.